Daktari Mayai na Majogoo Saba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Daktari Mayai alifagia banda la kuku na kuokota mayai. Jina hilo alibandikwa na majirani, maana alidai kuwa yai lililochongoka hutoa jogoo na la mviringo hutoa mtetea. Msichana yule alisema kwa uhakika mno, na watu wakamwamini.

Shangazi yake, fundi cherehani, alitaka mitetea ya kutaga. Daktari Mayai akamchagulia mayai kumi na mawili ya mviringo ya kuatamiwa. Yaliyochongoka yakakaangwa. Vifaranga vikatotolewa vyote, vikakua, na baada ya miezi michache vikaanza kuwika. Si jogoo mmoja, si wawili, bali saba!

"Kosa langu," shangazi alisema kwa huzuni. "Lazima niliyachanganya mayai nilipoyaweka kwenye kiota. Macho yangu haya!"

Daktari Mayai angenyamaza tu, sifa zake zingebaki palepale. Lakini kumwona shangazi akijilaumu bure kulimuuma sana.

"Hukuchanganya, shangazi. Habari ya umbo la yai nilisikia tu watu wakisema. Nikasifiwa, nikaona haya kukiri kwamba sijawahi kuhakikisha."

Shangazi alisimamisha cherehani. Daktari wa mifugo, aliyekuja kupunguziwa suruali, akacheka.

"Hata mimi daktari wa kweli siwezi kujua kwa kutazama ganda," alisema. "Jogoo ana kromosomu, yaani nyuzi za urithi mwilini, mbili za Z. Mtetea ana Z moja na W moja. Baba hutoa Z siku zote. Mama hutoa Z au W, kwa hiyo mama ndiye anayeamua. Kwenye Z kuna jeni, yaani agizo la urithi, inayohimiza mwili kuunda viungo vya kiume. Zikiwa mbili, nguvu inatosha, anakuwa jogoo. Ikiwa moja, haitoshi, anakuwa jike. Hayo yote huamuliwa kabla ganda halijawekwa."

"Kumbe ganda ni nguo tu!" shangazi alisema. "Mwanangu, mimi mshonaji. Nguo haibadilishi aliye ndani. Kutojua si aibu. Aibu ni kuuvalisha ujinga nguo ya ujuzi. Umeivua mwenyewe, nami nimefurahi."

Mara jirani akabisha hodi na kikapu cha mayai. "Daktari Mayai, nichagulie mitetea!"

Msichana akavuta pumzi. "Sijui, mama. Tusubiri wawike."

Shangazi alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.