Chai Iliyojaa Pomoni

Si mvivu wa kutia chai, wewe. Dada yangu Sanobar haachiwi birika wageni wakija, basi, hata leo na mvi zake. Kaa nikwambie.

Tashkent ya zamani hiyo, tramu zinapiga kengele mpaka soko la Chorsu. Sanobar kavaa gauni la hariri la mawimbi, nywele kasuka mikia tele, yuko sokoni anagonga matikiti. Nyuma yake Mirolim, fundi wa tramu, kofia ya tarizi kaiweka upande.

"Dada, unabisha hodi bure. Humo hamna mtu."

"Nasubiri lenye adabu liitikie. Wewe nani kakuita?"

"Hajaniita mtu. Ndiyo tabu yangu."

Akambebea tikiti mpaka mtaani kwetu. Kiangazi kizima ikawa simu: Sanobar anapiga kwa simu ya jirani, Mirolim anapokea karakanani, wenzake wanamzomea.

Matikiti yalipokwisha sokoni, shangazi yake Mirolim, Bi Hosiyat, akaja kuposa. Kijana haendi kwenye posa yake, kwetu ni aibu. Huyu akaja, eti kambebea shangazi kapu. Sanobar alipomwona, macho yakaganda, birika likaendelea kumimina. Sasa, mgeni tunamtilia chai kidogo, aombe tena. Ukimjazia, umemwambia kunywa uende zako. Kibakuli cha Bi Hosiyat kikajaa pomoni.

"Tumesikia, mwanangu," akasema, akainuka.

Na Ijumaa kuna watu wengine wanakuja kumposa, mama kashawakubali nusu. Posa ikikubaliwa mkate huvunjwa, na ukishavunjwa hauungwi.

Kesho yake Sanobar akapiga karakana.

"Nina kazi," Mirolim akasema.

"Kazi gani, nasikia vicheko."

"Wanacheka wao. Mimi nimefukuzwa."

"Nani kakufukuza? Nilikuwa nakutazama wewe, mpenzi, sikutazama birika. Umekuja hujaalikwa, na suti juu. Ulitaka mkono wangu ufanyeje?"

"Suti ya kuazima."

"Imekukaa lakini. Mlete shangazi Ijumaa, kabla ya wale wengine wanaokuja kuniposa."

"Kaapa haji."

"Si anapika hapo kantini? Nipe yeye."

Msichana kumpigia mkwe, hatujapata kuona. Bi Hosiyat akaja anafuta mikono.

"Shikamoo, mama. Nilimkodolea mpwa wako macho mpaka chai ikajaa. Aibu ni yangu. Na Ijumaa kuna wengine wanakuja kuniposa."

Mama wa watu akajibu: "Mimi posa yangu nilitia chumvi kwenye jamu. Marehemu mume wangu akala yote." Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Hao wa Ijumaa wanakuja saa ngapi?"

"Mchana."

"Sisi asubuhi."

Wakaja, Mirolim naye nyuma na kapu lake, mama na baba wakakubali. Mkate ukawekwa kitambaani, baba kashika huku, Bi Hosiyat kule, ukavunjika. Mama akalia, baba akajifanya anakohoa. Wale wa mchana walipofika wakaambiwa, wakanung'unika kidogo, wakakaribishwa ndani.

Nyumba ile haipo tena, mjukuu wangu, na tramu wameziondoa. Ila pilau ya siku ile naikumbuka, karoti zake na kitunguu saumu kizima juu, mama kaipakua sinia moja kubwa. "Sogea, mwanangu," akamwambia Mirolim. Akasogea, nasi sote tukakaa, tukala.