Ukingo Uliokatwa

"Nyuki Tatu, hapa Mzinga. Lori la magendo limetoka Nzega sasa hivi. Linakuja kwenu."

Lukumani akaidaka redio. "Mzinga, haiwezekani. Dereva wake ninaye mahabusu."

"Basi huyu anayeendesha ni nani?"

Lukumani akaiweka redio chini.

Mwaka huo wa sabini na tatu, Tabora nzima hakukuwa na jasusi mwenye mbwembwe kama Lukumani. Bastola ya Browning kiunoni, miwani ya Ray-Ban usoni, viatu vinang'aa hata kwenye vumbi. Sasa jasho lilimtiririka mbele ya karatasi aliyoibandika ukutani.

Ilikuwa orodha ya malori kutoka kwenye kompyuta ya Dar. Pana mno, haikuenea kwenye ukurasa mmoja, ikachapwa kwenye kurasa tatu za kuungwa ubavu kwa ubavu: madereva ukurasa wa kwanza, safari zao kwenye zile mbili nyingine. Lukumani aliziunga kwa gundi, kwa mkono wake mwenyewe, akamtambia mkuu wake, Mzee Mahona. Mbele ya jina la Bundala, dereva wa Puge, zilisomeka safari tisa za mpakani.

Jana yake akamfuata. Akamkuta kwa mama mkwe wake, Ng'washi, hukohuko Puge. Akamkwida kola, shati likachanika lote, mtu mzima akabaki kifua wazi mbele ya mkwewe. Wenyewe wa huko hata kula mbele ya mkwe hawali, sembuse kuvuliwa nguo!

Sasa Lukumani akapiga simu Dar kwa Apolinaria, mchapaji wa orodha.

"Dada, kurasa zako zina kasoro."

"Hazina. Namba ya lori nimeirudia kwenye ukingo wa kila ukurasa, ili mistari isikupotee."

Lukumani akaitazama karatasi ukutani. "Ule ukingo niliukata."

"Kwa nini, kaka?"

"Ipendeze."

Apolinaria hakucheka. Heri angecheka.

Akapindua kapu la taka. Vipande vilikuwemo. Akavirudishia mahali pake, akaona. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kichwa kilichokula mstari mmoja, hizo nyingine hazina. Yeye alilinganisha juu kwa juu, kwa hiyo kila dereva alibebeshwa safari za aliye chini yake. Safari tisa zilikuwa za lori 417.

Dereva: Lugembe.

Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Land Rover ikachanja mbuga. Isikizya, kwenye barabara ya Nzega, jua la saa saba, lori la Bedford hilo linakuja, namba 417 mlangoni. Lukumani akalikingamisha gari barabarani.

Lugembe akakata kona kuingia porini.

Browning ikalia mara mbili. Tairi mbili chini.

Chini ya marobota ya pamba: kreti nane za baruti, na ramani ya daraja la reli yenye maandishi ya kigeni. Lugembe akanyoosha mikono bila kuulizwa.

"Mzinga, hapa Nyuki Tatu. Daraja salama."

"Umefanya kazi, kijana," ikajibu sauti ya Mzee Mahona. "Njoo tukupongeze."

"Bado, mzee. Kwanza mfungulieni Bundala."

Jioni alimkuta Bundala nje ya kituo, kajifunga blanketi la mahabusu.

"Nisamehe, ndugu yangu. Kosa ni langu."

"Mimi nimekusamehe," alisema Bundala. "Lakini Puge sirudi. Mama mkwe ameniona uchi. Mke na watoto wako kule, nami nitaingiaje?"

Kesho yake asubuhi Lukumani alipiga magoti uani kwa Ng'washi, shati jipya mikononi, miwani kaiacha garini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama aliendelea kupepeta mtama.

"Nilikosea kusoma karatasi. Mkweo hana hatia. Anaogopa kurudi kwa vile ulimwona."

Ungo ukatulia.

"Nani kamwambia nilimwona? Ulipomshika kola tu nilifumba macho, nikageukia ukuta. Mwambie arudi kwa watoto wake." Akamtazama toka kichwani mpaka viatuni. "Wewe ndiye niliyekuona."

Lukumani akaacha shati juu ya kigoda, akaaga. Akaenda kwa mwendo wake uleule wa kijasusi, taratibu, bila kugeuka nyuma. Safari hii hakuweza kugeuka, kwa aibu.