Kitanzi cha Kumi

"Na huyu wa mwisho ni nani?"

Swali hilo liliulizwa kwenye micro, kipaza sauti cha uwanjani, mbele ya mji mzima wa Butembo, saa nne ya asubuhi, jua likiwaka. Mimi Kavira, ambaye kwenye campus hawakuwahi kunishinda kwa mjadala, niligeuka tu kutazama.

Ilikuwa tarehe 23 mwezi wa nane, 2001. Wakubwa wa vita waliotutawala walitaka sherehe ya kukumbuka mwisho wa utumwa. Fanfare ya tarumbeta, viti vya plastiki, hotuba, na théâtre, mchezo wa watumwa wanaofunguliwa. Na siku zilezile askari wao walikuwa wakikamata vijana barabarani na kuwabebesha masanduku ya masasi ya bunduki mpaka porini. Kamate, mtoto wa mama mudogo Rébecca, mdogo wa mama yangu, alikuwa fundi wa mbao mtaani Mususa; walimkamata kule Kirumba wiki tatu kabla. Alikuwa amepeleka kitanda sokoni.

"Donc utacheza mutumwa mbele ya bale benye balimukamata?" mama mudogo aliniuliza.

"Nitacheza. Wakimaliza kutufungua nitachukua micro, niwaulize Kamate iko wapi."

"Basi uulize. Miye nitakaa mbele, nisikie bakijibu."

Mwalimu Phinées alitufunga shingoni wanafunzi tisa, kamba moja ya katani, vitanzi vya kulegea, katoni tupu kichwani. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nyuma yangu uliburuta mkia wa kamba tu. "Mutumwa hageukake," alituonya. "Mwenye kugeuka ataharibu théâtre."

Tukazunguka uwanja, watu wakitutania. "Kavira, ile mugongo ya kukaa na bitabu itabeba nini?" Nilicheka kidogo.

Mzunguko wa pili, kamba ilikaza nyuma yangu.

Nilifikiri nimeikanyaga. Nikaivuta. Ikavutwa tena, taratibu, kama anavyovuta mtu aliyechoka. Kisha nikasikia pumzi. Harufu ya jasho. Harufu ya mafuta ya bunduki.

"Yaya," mtu alinong'ona, kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa. "Pole pole. Miguu yangu imeisha."

Sikugeuka. Mungu anisamehe, nilifuata sheria ya théâtre.

Mbele ya jukwaa, Kabongo wa protocole, msimamizi wa sherehe aliyetumwa kwetu kutoka Kasai, alisoma liste, orodha ya majina yetu. Kila aliyeitwa alilegezwa kitanzi, akatoka, watu wakapiga makofi. Mimi nilitoka wa tisa. Ndipo akauliza lile swali.

Nikageuka.

Alikuwa amesimama, amefungwa, ameinama chini ya sanduku la kijani. La masasi. Uso haukuonekana. Mkono ulioshika sanduku ulikuwa na vidole vinne. Cha tano kilibaki kwenye msumeno, Mususa. Askari jukwaani walilijua sanduku lao. Walitazama viatu vyao.

"Ni Kamate," alisema mama mudogo. Hakulia. Alisema kama mtu anayeonyesha nyumba yake. "Ni mutoto yangu. Mumufungule."

Kabongo alirudi kwenye karatasi, akapitisha kidole. "Maman, haiko ku liste."

"Mumufungule tu, papa."

"Mais maman, liste iko na batu tisa."

Micro ilikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Swali langu lilikuwa tayari. Sikuichukua micro. Kabongo akakunja karatasi, akainua mkono, fanfare ikapiga. Mama mudogo akakimbia. Alipofika palikuwa na kamba chini, basi.

Mwalimu Phinées aliihesabu mbele yetu. Alikuwa amefunga vitanzi tisa. Vilikuwa kumi.

Mwezi uliofuata alirudi Ananie, mbebaji aliyetoroka kupitia njia ya Kayna. Alikaa kwa mama mudogo, hakugusa chai.

"Balitufunga shingo, batu kumi, kamba moja. Kamate alikuwa wa mwisho. Tarehe 23 akaanguka. Commandant akatufungula siye tisa, tuendelee. Juu yake akasema: muache. Tukamuacha na kamba yake."

"Saa ngapi?"

"Saa ine ya asubuhi, mama."

Kamba yetu sasa iko ukutani kwa mama mudogo. Vitanzi tisa vilifunguka. Cha kumi kilikataa. Nilileta kisu, akanishika mkono.

"Hapana kukata. Benzake balifunguliwa na mikono. Na yeye bamufungule na mikono."

Nimejaribu. Phinées amejaribu. Padri pia. Hata Kabongo alikuja siku moja, bila karatasi, akapiga magoti mbele ya lile fundo mpaka kucha zikatoa damu.

Siku ile kitanzi kilikuwa na upana wa shingo ya mtu. Miaka miwili imepita. Kila wakisherehekea, kinapungua. Mwezi wa nane uliopita ngumi yangu haikupita. Na katani ilikuwa na joto, kama ngozi.

Ukipita Mususa, uliza kwa mama Rébecca, nyuma ya atelier, karakana ya mbao. Ingia. Nawa mikono. Jaribu kumfungua.