Mkia wa Ujumbe

Rafiki yangu mmoja, mwandishi wa programu, aliniungamia haya kwa sauti ya chini. Mwenzake wa meza moja alipofariki, alifuta jina la marehemu kwenye seva, programu ya kupokea ujumbe, ambayo marehemu mwenyewe aliiandika kwa lugha ya Java, akaweka lake. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Seva ilirudisha kila ujumbe kwa aliyeutuma, ila ilikuwa na kasoro: ujumbe mfupi ulirudi na mkia wa ule mrefu uliotangulia. Alipokuwa akiirekebisha, umeme ukakatika, mtandao ukafa. Chumba hakina dirisha. Gizani ilivuma feni ya laptop tu. Akaiwasha seva upya, kumbukumbu yake ikiwa tupu, akajitumia neno moja ndani ya laptop hiyohiyo: “Upo?”

“Haki ya Mungu, sikuwa nimetuma kingine,” aliniapia.

Likarudi: “Upo? Ndugu yangu, mbona umenifuta?”