Vipande Viwili Vinavyogusana

Diski ilionekana haipo siku ya Jumanne, saa moja na nusu asubuhi. Aliyegundua ni Mwanatumu, mtafiti kijana katika kituo kimoja cha utafiti huko Msambweni. Alivuta droo yake katika chumba cha kompyuta, akakuta waya wa kuunganishia tu, umeviringwa vizuri. Diski yenyewe, yenye kazi yake ya miaka mitatu, haikuwamo.

Hajamaliza hata kupekua, akaitwa kwa Mkurugenzi. Saa mbili unusu alitoka huko akiwa amesimamishwa kazi.

Sajini Mapenzi Kalama wa polisi alifika saa tatu na robo. Alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake ya chini. Alimkuta Mwanatumu kwenye benchi la nje, mkoba magotini, macho makavu kama ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. Kando yake palikuwa na kikombe cha chai kilichofunikwa kwa kisahani. Kuna mtu aliyemfikiria.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, mwanangu. Chai yako inapoa."

"Haipiti kooni."

"Basi nieleze polepole. Mimi protini naijua ya maharagwe tu."

Mwanatumu alijaribu kutabasamu, akashindwa. "Mdudu wa kichocho ana protini moja ambayo bila hiyo hawezi kuishi. Protini ni mnyororo wa vipande vidogo, tunaviita asidi amino. Vimefuatana, kila kimoja na nambari yake. Lakini mnyororo haukai umenyooka. Unajikunja, na vipande vilivyokuwa mbalimbali vinakuja kugusana. Kazi yangu ni kupima kipi kinagusa kipi."

Sajini alifikiri kidogo. "Mama yangu husuka ukili wa mikeka. Ukiunyoosha unatoka mlangoni mpaka barabarani. Ukiuzungusha ukaushona, pima ya kwanza inalala ubavuni mwa pima ya nne. Ni hivyo?"

"Ndivyo hasa, mama. Mimi nilipima nikaona kipande cha arubaini na moja kinagusana na cha themanini na nane. Na hapo katikati ndipo dawa mpya ya Daktari Lewis Mramba ilipotakiwa kupenya. Vikigusana, mlango umefungwa. Dawa haiingii."

"Umegombana na nani kwa hilo?"

"Sikugombana na mtu. Daktari aliniambia nipime tena. Nikapima tena, yakatoka yale yale. Leo amempelekea Mkurugenzi orodha ya miguso kutoka kwenye kompyuta. Chini ya arubaini na moja, themanini na nane hakipo. Wanasema nilibuni. Umbo lenyewe la protini lilikuwa kwenye diski ile, lingepimwa upya mbele yao. Wanasema nimeificha mimi."

"Hakuna nakala?"

"Ipo ng'ambo, kwa waliotupigia picha ya protini. Wamejibu itachukua wiki mbili. Wafadhili wanakaa leo saa nane mchana." Alikamata mkoba wake kwa mikono miwili. "Saa nane jina langu litaandikwa mghushi, mama. Hakuna kituo kitakachonipokea tena. Na kazi nyingine siijui."

Sajini alimsogezea kikombe. "Wangapi wanaweza kuifikia hiyo orodha?"

"Watatu. Mimi, Daktari, na Swabir fundi wa kompyuta. Tunaingilia kwa jina moja na nywila moja. Na ufunguo wa chumba tunao sote watatu."

Kompyuta ilionyesha kwamba orodha ilibadilishwa mara ya mwisho Jumatatu, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Saa hiyo Mwanatumu alikuwa akisali, Swabir alikuwa njiani kwenda kwao Ukunda, Daktari alikuwa ofisini mwake. Kila mmoja alikuwa peke yake, na neno lake ndilo shahidi wake.

Lakini daftari la askari wa getini lilikuwa na jambo. Saa nne kasoro robo, Sajini alimketisha Swabir.

"Leo ulifika saa ngapi?"

"Saa moja, Afande."

"Daftari linasema saa kumi na mbili na dakika kumi. Na ulikuwa na mfuko."

Swabir aliangalia vidole vyake. Alikuwa kijana mrefu, na kwa muda ule alionekana mfupi.

"Mfuko ulikuwa na nini?"

"Si diski. Wallahi si diski."

"Sikuuliza kisichokuwamo."

Aliinuka, akampeleka Sajini kwenye friji ya maabara. Nyuma ya chupa za vipimo, ndani ya kopo la siagi, mlikuwa na vichupa vitatu vya dawa ya sukari.

"Ni za mama yangu. Nyumbani stima haipo tangu Jumapili, zitaharibika. Humu kuweka vitu vya watu ni marufuku, ndiyo maana nikaja kabla ya wenzangu. Mkiniandika nitafukuzwa, lakini mziache dawa zikae mpaka jioni."

Sajini alifunga mlango wa friji. "Mimi nimekuja kutafuta diski. Friji sikuiona. Chai ile ya nje ni yako?"

"Hajala tangu asubuhi."

"Nifahamishe hiyo orodha inavyotengenezwa."

Swabir alivuta pumzi. "Programu niliiandika mimi. Inachukua kipande kimoja kimoja, inataja vyote vinavyokigusa, mguso mmoja mstari mmoja, mpaka mnyororo uishe. Mwisho inaandika jumla ya mistari. Daktari haipendi. Ana programu yake ya tangu zamani, orodha yake ni nusu ya yangu. Yangu ni ndefu, ananiita Swabir wa Gazeti. Anafungua ukurasa anaoutaka, mwingine hausomi."

"Hii ya leo umeiona?"

"Hapana. Iliyochapishwa anayo yeye na Mkurugenzi tu."

Daktari Lewis Mramba alimpokea Sajini kwa adabu, akamvutia kiti. Ukutani palikuwa na picha ya bwawa la Kinango, watoto ndani ya maji ya udongo mpaka kiunoni, ndoo vichwani.

"Namhurumia yule binti," alisema. "Ana akili. Tatizo ni haraka, alitaka kusikika."

"Diski yake unadhani iko wapi?"

"Mwulize mwenyewe. Asiyetaka kazi yake ipimwe upya ni nani?" Alimwekea mbele karatasi moja. "Arubaini na moja, huyo hapo. Soma wanaomgusa. Themanini na nane umemwona?"

"Sijamwona. Naomba orodha nzima."

"Ya nini, Sajini? Ukurasa huu unatosha."

Sajini alishukuru, akaenda kuiomba kwa Mkurugenzi, Bi Mwanarusi Kibwana, aliyempa karatasi ishirini na nne pamoja na rula, na chumba chenye feni.

Alianza saa tano. Alisoma bila kuelewa, kisha akaacha kusoma, akawaza mkeka. Uzi wa kushonea haushiki upande mmoja tu, huo si mshono. Kama arubaini na moja kinakigusa themanini na nane, basi themanini na nane nacho hakina budi kukigusa arubaini na moja. Orodha ya Swabir ilitaja kila kipande kwa zamu yake.

Alifunua mpaka ukurasa wa kumi na nane. Kisha akaweka rula chini ya mstari wa kwanza kabisa, akahesabu yote. Alipomaliza alihesabu tena, kwa sababu kazi ya mtu ilikuwa juu ya hesabu ile.

Saa nane kasoro dakika tano aliingia ukumbini. Wafadhili wawili walikuwa wamekwisha kaa na Mkurugenzi na Daktari. Mwanatumu alikuwa karibu na mlango, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Swabir alisimama nyuma yake.

"Bi Mkurugenzi," Sajini alisema, "tafadhali soma ukurasa wa kumi na nane, chini ya themanini na nane, mstari wa tatu."

Bi Mwanarusi alivaa miwani. "Themanini na nane, arubaini na moja," alisoma. Akarudia kimya.

Mwanatumu aliweka kiganja ukutani.

"Kauongeza binti huyu," Daktari alisema. "Mnaona wenyewe, ni ushahidi zaidi."

"Nilidhani hivyo pia. Nikaangalia jumla ambayo kompyuta iliandika mwishoni. Mistari mia tisa sitini na nne. Kama ungeongezwa mmoja, ningehesabu sitini na tano. Nimehesabu mara mbili. Ni sitini na tatu. Umetolewa mmoja."

"Basi ni fundi."

"Swabir ndiye aliyeitengeneza programu, na Mwanatumu anaitumia kila siku. Wote wawili wanajua kwamba kila mguso umeandikwa mara mbili. Angefuta mmoja wao, angefuta mara mbili. Daktari, orodha yako wewe ni nusu ya hii. Kila jozi unaiandika mara ngapi?"

Daktari aliuangalia ule ukurasa wa kumi na nane.

"Lewis," Bi Mwanarusi alisema taratibu, "mara ngapi?"

"Mara moja." Alitoa funguo za gari mfukoni, akaziweka mezani kwa uangalifu. "Diski iko chini ya kiti. Nilitaka kuivunja jana. Sikuweza. Ni kazi nzuri mno."

"Kwa nini basi?" Mwanatumu aliuliza.

"Miaka tisa, binti. Wale watoto wa kwetu Kinango wanatibiwa, wanarudi bwawani kwa kuwa maji mengine hawana, wanakojoa damu tena. Dawa yangu ingewakinga. Niliwaahidi wazee wao kwamba ni mwakani. Mama yangu alikuwa amekaa mbele kabisa. Ukanijia na nambari mbili."

"Nilikuja kwako kwanza, Daktari. Kabla ya mtu yeyote."

"Najua. Ulinitunzia heshima yangu. Nikafikiri, wewe ni kijana, utapata pengine pa kuanzia. Mimi sina."

Mfadhili mmoja alifunga faili lake. Bi Mwanarusi alisema dawa inasimamishwa kuanzia siku ile, na kwamba Mwanatumu arudishiwe kiti chake na jina lake, na aombwe radhi kwa maandishi. Hakuna aliyefurahi. Sajini alimwacha Daktari ainuke mwenyewe, hakumshika mkono.

Mlangoni Daktari alisita. "Kinango nani atawaambia?"

Bi Mwanarusi alianza kukusanya karatasi.

"Nitakwenda mimi," Mwanatumu alisema. "Kesho asubuhi. Nitaanzia kwa mama yako."

"Utamwambia nini?"

Alitafuta jambo jingine la kusema, asilipate.

"Kwamba haipo," alisema. "Dawa bado haipo."