Mstari wa Mwisho wa Tiketi

Kila alasiri akitoka chuo cha Kurani, Salhiya aliketi barazani kwao, mtaa wa Malindi kisiwani, akawasomea wanawake wa mtaa: ujumbe wa simu, vyeti vya dawa, barua za skuli. Siku hiyo mama yake, Bi Ummkulthum, alimpa simu yenye tiketi ya ndege ya kwenda Dar es Salaam. Safari yake ilikuwa imevunjika, na kampuni ilikataa kurejesha pesa. Jirani yao, Bi Wanu, alitaka kuinunua tiketi ile. Alikuwa na miadi ya kupasuliwa jicho huko.

"Soma yote, mwanangu," alisema Bi Wanu. "Mie na herufi hatujuani."

Salhiya alisoma tarehe, saa na uzito wa mizigo. Mstari wa mwisho ulisema tiketi hairuhusiwi kutumiwa na mtu mwengine. Lakini mama alishamuahidi viatu vya skuli tiketi ikiuzika. Akauruka mstari huo.

"Basi, imekwisha."

Siku ya safari, jua halijawa kali, Bi Wanu alirudi na begi lake.

"Wamenirudisha mlangoni, kiwanja cha ndege. Jina si langu, wanasema. Ujinga wangu! Ningejua kusoma, yangenifika haya?"

Maneno hayo yalimchoma Salhiya kuliko kofi. Alikimbia ndani, akatoka na boksi la viatu ambavyo hakuwahi hata kuvivaa.

"Si wewe, Bi Wanu. Ni mimi. Nliuona mstari huo, nkaunyamazia."

Bi Ummkulthum alichukua boksi, akatoa pesa zote za tiketi na kumkabidhi jirani yake. "Wahi boti ya mchana, shoga. Miadi yako si kesho? Utafika."

Kisha akamgeukia bintiye.

"Mwaka aliofariki bibi yako, nani alinipa tiketi yake ya boti nkawahi maziko? Huyu! Hakuna aliyeniuliza jina. Leo kiti kilicholipiwa kinaruka kitupu, mgonjwa kasimama mlangoni. Dhulma hiyo! Mimi sitoinyamazia wala sitoisahau. Lakini wenye ndege walau waliandika sharti lao, Salhiya. Wewe ulificha."

Salhiya alilia.

"Anayewasomea wenziwe ameshika macho yao. Asiyafumbe kwa faida yake. Futa machozi, ulete kalamu. Tunawaandikia hao wenye ndege, na barua itaanza na kosa lako."