Dija wa Nani?

Kila asubuhi, kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, Dija alimpelekea baba yake uji tanurini. Alipita vibanda vya jirani akatokea kwenye uwanja mweupe, mahali ambapo watu wa mtaa wao walichoma mawe ya matumbawe mpaka yakawa chokaa. Nyumba za mawe za Bagamoyo, zile zenye milango ya nakshi, zilijengwa kwa chokaa hiyo. Wachomaji wenyewe walikaa katika nyumba za udongo na makuti, nje kidogo ya mji.

Ilikuwa miaka ya elfu moja mia nane na themanini, kabla Wajerumani hawajaushika mji. Wakati huo utumwa ulikuwapo bado pwani. Wachoma chokaa wengi waliwahi kuwa watumwa, kisha wakaachwa huru. Mrisho, baba yake Dija, alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Mkange, akauzwa angali mtoto mwaka wa njaa, akakulia katika nyumba ya tajiri mmoja aliyeitwa Azzan. Azzan alipougua ugonjwa wake wa mwisho, alitamka mbele ya watu kwamba wachoma chokaa wake wote wako huru kwa ajili ya Mungu. Hakuna kilichoandikwa. Siku hizo neno lilitosha.

Hata hivyo, mji haukukubali upesi. Mwungwana, yaani aliyezaliwa huru, aliitwa kwa jina lake na la baba yake, fulani bin fulani, au fulani binti fulani. Aliyewahi kuwa mtumwa aliitwa kwa nyumba iliyommiliki. Kwa hiyo sokoni walimwita baba yake Dija "Mrisho wa kwa Azzan," kana kwamba hakuzaliwa na mtu.

Bibi Sihaba, mkubwa wa wote pale tanurini, ndiye aliyeanza kulipinga jambo hilo. Hakugombana na mtu. Aliwaambia tu wenzake kwamba tangu siku ile kila mmoja aitwe kwa jina la baba yake, kazini na kisimani, na hasa wanapopeleka chokaa mjini. Mwanamume mmoja aliyechukuliwa kwao mdogo mno alisema la baba halijui, analijua la mama peke yake. Bibi Sihaba akamjibu kwamba hilo nalo ni jina. Mwanzoni watu walicheka, maana kumwita mtu jina refu huku moto unawaka ni kazi. Baadaye wakazoea.

Dija hakuzoea. Chuoni kwa Mwalimu Msabaha, watoto wa nyumba za mawe waliketi mbele juu ya mkeka mpya, na watoto wa tanurini waliketi karibu na mlango, penye upepo na vumbi. Siku moja Jokha, msichana wa mkeka wa mbele, aligeuka akamwuliza Dija yeye ni wa nani.

"Mimi wa kwa Azzan," alisema Dija.

Alilisema kwa majivuno. Aliijua nyumba ile kubwa, na aliona kuwa wa kwao si jambo dogo. Jokha alishangaa kidogo. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa katika nyumba hiyo, pamoja na Bi Zeyana, mjane wa Azzan, ambaye alimwita bibi.

"Mbona bibi humwita baba yako bin Mwinjuma, akileta chokaa?"

"Bibi yako mzee," alijibu Dija. "Anasahau."

Watoto walicheka. Jokha naye akacheka, akasema, "Basi wewe ni wetu," akamsogezea nafasi kwenye mkeka. Siku ya pili alimletea kipande cha halua kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Dija akawa anaketi mbele. Nyumbani hakusema lolote.

Mwezi haukwisha, akarudi kutoka Pemba Majid, baba yake Jokha, ambaye ni mtoto wa ndugu yake Azzan. Alikuja kushika urithi, na katika urithi huo lilikuwamo shamba la minazi huko Kerege lisilo na watu wa kutosha. Majid alifika tanurini na kusema kwamba Mrisho na wenzake ni mali ya marehemu, na kwamba yeye hakusikia habari ya kuachwa huru kwa mtu yeyote. Wanaume wawili walisikia neno la Azzan siku ile. Mmoja alikuwa amekufa, na mwingine alifuata msafara wa kwenda bara, hajarudi. Kesi ikafika kwa kadhi. Kama Majid angeshinda, Mrisho angepelekwa Kerege, asiwe tena mtu wa kujiamulia hata pa kulala.

Siku ya kesi mtaa mzima uliacha kazi, ukaenda barazani kwa kadhi. Bibi Sihaba alikuwa amezunguka mjini kuwaomba watu waje waseme wanachokijua, wala wasiongeze. Wakaja waashi, akaja mchota maji, akaja hata mwenye nyumba moja ya mawe. Kila mmoja alisema kwamba anamjua mtu huyu kwa jina la Mrisho bin Mwinjuma, anauza chokaa yake mwenyewe, wala hatumwi na mtu. Kadhi alisikiliza vizuri. Ilionekana maneno yao yanamwingia.

Ndipo Majid aliposimama, akauliza kwa upole, "Kama yu huru, mbona mtoto wake mwenyewe husema chuoni kuwa ni wa kwa Azzan? Binti yangu amemsikia."

Kadhi alimgeukia Mwalimu Msabaha. Mwalimu aliinamisha kichwa, akakiri kwamba naye alisikia. Kadhi akaagiza mtoto aletwe kesho yake.

Jioni ile majirani walikusanyika nyumbani kwa Mrisho. Kijana mmoja mpasua mawe alishauri kwamba Dija akane. Aseme Jokha na Mwalimu walisikia vibaya, nani atajua? Wengine waliitikia. Mrisho alikaa akitoa chokaa iliyoganda kwenye kucha zake, na Dija aliona heri angemgombeza. Mwishowe Dija alimwuliza Bibi Sihaba aseme nini.

"Sisi tumekwenda pale kudai jina la kweli, mjukuu wangu," alisema Bibi Sihaba. "Tutalidaije kwa uongo? Lakini ulimi ni wako."

Kesho yake Dija alisimama mbele ya kadhi. Kadhi alimwuliza kama alisema maneno yale.

"Nilisema."

Akaulizwa kwa nini.

"Nilitaka kukaa kwenye mkeka wa mbele."

Watu wengine walicheka, lakini kadhi hakucheka. Alimtaka aeleze yote kama yalivyokuwa. Dija angeweza kuishia pale, kwa maana lililobaki lilikuwa baya zaidi. Alikuwa amemtukana mtu mzima. Alimtazama baba yake, kisha akaendelea.

"Jokha aliniambia bibi yake humwita baba yangu bin Mwinjuma. Nikamwambia bibi yake mzee, anasahau."

Kadhi aliacha kuvuta tasbihi yake. Alimwuliza Majid kama Bi Zeyana alikuwapo nyumbani mumewe alipofariki. Majid alijibu kwamba alikuwapo, ila si adabu kumsumbua mjane kwa mambo ya baraza. Kadhi hakubishana naye. Aliinuka, akaenda mwenyewe mpaka nyumba ya Azzan, watu wakimfuata, akaketi ukumbini na kuuliza swali lake mbele ya pazia.

Sauti ya mwanamke mzee ilitoka ndani, taratibu na wazi. Bi Zeyana alisema kwamba siku ile alikuwa ameketi kando ya kitanda, na alimsikia mumewe akiwaacha huru wachoma chokaa wote. "Hakuna aliyekuja kuniuliza," alisema. Kisha akataka kujua ni nani aliyesema kwamba anasahau.

Dija alijibu kutoka mlangoni kwamba ni yeye, na kwamba anaomba radhi.

Bi Zeyana akauliza tena kutoka nyuma ya pazia, "Binti nani?"

"Dija binti Mrisho bin Mwinjuma."

"Basi nimekusamehe, binti Mrisho."

Kadhi alisema kwamba neno la mjane na maneno ya majirani yameshikana. Mrisho na wenzake ni huru, Majid hana haki juu yao, na waitwe kwa majina ya baba zao. Majid akaondoka bila kuaga.

Walipokuwa wakirudi, Dija alimwuliza Bibi Sihaba jinsi Bi Zeyana, asiyetoka nje, alivyolijua jina la babu yake.

"Tulikuwa tukiitana pale mlangoni kwake tukishusha chokaa," alisema Bibi Sihaba. "Sauti hupita pazia."

Mrisho, aliyekuwa mbele, alipunguza mwendo mpaka mwanawe akamfikia.

"Ulipojiita wa kwa Azzan ulidhani umepanda cheo," alisema. "Nyumba ya mtu haikupi ukoo, hata iwe kubwa namna gani. Tena usisahau jambo la leo. Ungesema nusu ya ukweli, ile nyepesi, tungeshindwa. Haki yetu ilikuwa katika ile nusu iliyokuaibisha."

Chuoni Dija alirudi kuketi karibu na mlango. Baada ya siku chache Jokha alihamia pale, akisema mbele kuna joto. Hakumwambia tena, "Wewe ni wetu."

Na kila asubuhi, akipeleka uji, Dija alimwamkia kila mtu tanurini kwa jina lake kamili, hamruki hata mmoja, mpaka uji ukapoa. Baba yake aliunywa hivyo hivyo.